Kiganjo na Njia Iliyofufuliwa

Reli itokayo Nairobi kwenda Nanyuki hupita Thika, Maragua, Murang'a, Sagana na Karatina kabla haijafika Kiganjo. Tangu Sagana, penye nchi ya joto, njia hiyo hupanda pole pole, ikizunguka vilima na kuvuka mabonde mengi, hata hewa ikageuka kuwa ya baridi na nchi ikawa wazi zaidi. Mtu asimamaye penye stesheni ya Kiganjo akielekea kaskazini huuona Mlima Kenya upande wake wa kulia, na upande wa kushoto milima ya Nyandarua. Asubuhi na mapema kilele cha Mlima Kenya, chenye kimo cha mita 5,199, huonekana bila kizuizi. Lakini jua likipanda mawingu hukifunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huondoka bila kukiona.

Kiganjo si mji mkubwa, wala haujajaribu kuwa mkubwa. Walakini jina lake lajulikana Kenya nzima kwa sababu tatu. Ya kwanza ni chuo cha polisi. Wako askari wengi, toka pwani hata ziwani, ambao hulitaja jina la Kiganjo kama vile mtu alitajavyo jina la shule aliyosomea, kwa fahari na kwa kukumbuka baridi ya alfajiri. Ya pili ni kiwanda cha maziwa cha KCC, ambacho wafugaji wa nchi hiyo hupeleka maziwa yao. Ya tatu ni stesheni ya reli. Mji wa Nyeri, ulio maili chache tu upande wa magharibi, haukupata kufikiwa na reli; kwa hiyo mtu wa Nyeri aliyesafiri kwa gari la moshi alishuka Kiganjo, na mzigo wake ulishushwa Kiganjo, na barua zake zilipita Kiganjo.

Njia hiyo ilijengwa kwa vipande. Reli ilifika Thika mwaka 1913, kisha ikasogezwa mbele kidogo kidogo, hata mwaka 1930 ikafika Nanyuki, karibu na mstari wa Ikweta. Upana wake ni mita moja tu baina ya chuma na chuma, sawa na ile reli ya zamani ya kutoka Mombasa. Ni haki kusema wazi ya kwamba haikujengwa kwa ajili ya mkulima Mwafrika. Ilijengwa hasa ili kuchukua mazao ya mashamba ya walowezi, ambao walikuwa wamepewa nchi kubwa toka Kiganjo hata Nanyuki na zaidi. Lakini reli ikishalazwa chini haiulizi kabila la mzigo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga huko Karatina kwa ajili ya chakula cha majeshi, na wakulima wa Nyeri wakajifunza ya kwamba shamba dogo lililo karibu na njia nzuri laweza kuwalisha watu walio mbali sana.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi makubwa yaligawanywa, na wakulima wadogo wakaongezeka. Mtu angedhani ya kwamba huo ndio wakati ambao reli ingepata kazi nyingi kuliko zamani. Mambo hayakwenda hivyo. Barabara ya lami ilitengenezwa, na malori yakawa mengi. Lori hufika mpaka mlangoni pa shamba, likapakiwa viazi au kabichi jioni, na alfajiri likawa sokoni Nairobi. Mzigo wa reli sharti upakiwe shambani, ushushwe stesheni, upakiwe tena katika behewa, kisha ushushwe mara nyingine mwisho wa safari. Kila kushusha na kupakia ni gharama, na kabichi hunyauka. Hivyo mizigo ikapungua, na mizigo ilipopungua magari ya moshi yakapungua, na magari yalipopungua hata wale waliokuwa bado wakiyategemea wakayaacha. Mwishoni mwa karne iliyopita njia ya Nanyuki ilikuwa imelala.

Reli iliyolala haikai kama ilivyoachwa. Kwanza nyasi humea katikati ya mawe, kisha vichaka, na mizizi yake huyasogeza mawe yaliyoshikilia mataruma. Mitaro ya kando hujaa udongo. Mabomba yanayopitisha maji chini ya reli huzibwa na matope na majani, na mvua kubwa ikija, maji yaliyokosa njia hujitafutia njia nyingine, yakachimba tuta lenyewe. Hapo huonekana chuma kikining'inia hewani bila ardhi chini yake. Wezi wa vyuma vikuukuu nao huja na spana zao usiku. Mwenye ng'ombe hulisha kando ya njia, mwenye jembe hupanda mahindi, na mwenye biashara hujenga kibanda. Na kila mmoja husema moyoni mwake ya kwamba hapana gari litakalopita hapo tena.

Lakini lilipita. Katika mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya, likisaidiwa na wanajeshi na vijana wa NYS, liliitengeneza upya njia hiyo. Vichaka vilifyekwa, mitaro ikazibuliwa, mataruma mabovu yakabadilishwa, na stesheni za zamani zikapakwa rangi. Mwezi wa Desemba mwaka huo abiria walisafiri tena mpaka Nanyuki. Watoto waliokuwa hawajapata kuona gari la moshi katika maisha yao walisimama kando ya njia kulipungia mkono, na wazee nao walisimama, ingawa wao walikuwa wakitazama jambo jingine, yaani miaka yao ya ujana ikirudi.

Sasa swali ambalo lapasa kuulizwa ni hili: njia iliyofufuliwa hukaa hai kwa sababu gani? Ili kulijibu, yafaa kumtazama mgeni mmoja ambaye alipata kukaa karibu na Kiganjo, maana habari zake zinaunganisha nchi hii na nchi nyingine ambako swali lilo hilo limejibiwa kwa namna ya kupendeza.

Mashariki ya Kiganjo, karibu na msitu wa Mlima Kenya, iko nyumba ya Sagana, ambayo serikali ya koloni ilimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 iwe zawadi ya arusi yake. Baada ya uhuru ikawa nyumba ya serikali ya Kenya. Tarehe 6 Februari 1952, baada ya kulala Treetops katika msitu wa Nyandarua, alikuwa katika nyumba hiyo ya Sagana alipopewa habari ya kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki, na ya kwamba yeye ndiye Malkia. Siku hiyo hiyo aliondoka kwa motokaa mpaka uwanja wa ndege wa Nanyuki. Huko kwao, katika miaka iyo hiyo, ilikuwako njia moja ya kale iliyokuwa ikifa, na habari za kufa kwake zilikuwa karibu kumfikia.

Njia hiyo haikuwa ya reli bali ya maji. Kabla ya reli kujulikana, Waingereza walichimba mifereji mirefu nchini mwao ili mashua zivutwe na farasi zikiwa na makaa ya mawe, nafaka na mawe ya kujengea. Mmoja wa mifereji hiyo ni Kennet and Avon, uliofunguliwa wote mwaka 1810. Pamoja na mito inayoungana nao ni njia ya maili 87, toka Reading, penye Mto Thames, mpaka Bristol upande wa magharibi. Kwa kuwa nchi ina vilima, na maji hayapandi kilima, mafundi walijenga vyumba vya maji vyenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia chumbani, mlango wa nyuma hufungwa, maji huachiliwa kutoka juu, na mashua huinuka pamoja na maji mpaka ikafika kimo cha upande wa pili. Katika njia hiyo vipo vyumba zaidi ya 100, na mahali paitwapo Devizes viko 29 katika mwendo wa maili mbili tu, vikipanda kilima kama ngazi.

Ndipo reli ikaja. Reli ya London mpaka Bristol ilikamilika mwaka 1841, na mwaka 1852 kampuni ya reli iliununua mfereji wenyewe. Mwenye duka akilinunua duka la mshindani wake, hana haja ya kulipaka rangi. Mfereji ulipungukiwa na kazi na matengenezo. Msomaji atatambua hapa jambo la ajabu: kilichoulaza mfereji wa Uingereza ni reli, na kilichoilaza reli ya Kiganjo ni lori. Kila njia mpya huicheka ya zamani, nayo huchekwa siku yake ikifika.

Mnamo mwaka 1951 mashua zilikuwa zimekoma kupita toka mwanzo hata mwisho. Mfereji ulioachwa huharibika kama reli iliyoachwa. Sakafu yake ilitengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji mpaka hauvuji. Udongo huo ukikauka hupasuka, na maji yakirudi hupotea ardhini. Milango ya mbao za mwaloni huoza. Miti humea ndani ya vyumba na kusukuma matofali. Wakubwa waliosimamia njia za usafiri walikusudia kuufunga kabisa. Mwaka 1956 watu wanaoishi kando ya mfereji, pamoja na wengine walioupenda, walimpelekea Malkia ombi lenye sahihi za watu zaidi ya 20,000, na ombi hilo lilichukuliwa kwa njia ya maji ili ionekane ya kwamba njia bado ni njia.

Mfereji haukufutwa, lakini hapana aliyekuja na fedha za kuutengeneza. Kwa hiyo wale wale walioomba wakaingia matopeni. Mwaka 1962 chama chao kilifanywa kuwa shirika la hisani, na kwa miaka karibu 30 walikusanya fedha na kufanya kazi ya hiari. Makarani, walimu, mafundi na wanafunzi walitumia mapumziko yao ya Jumamosi na Jumapili kuzoa matope, kung'oa miti na kujenga matofali. Halmashauri za wilaya na serikali zilisaidia pia, maana kazi ilikuwa kubwa kuliko nguvu za watu wa hiari peke yao. Lakini wa hiari ndio waliotangulia, na wengine wakaona haya kubaki nyuma.

Hawakuwa peke yao. Tangu mwaka 1946 kilikuwako chama cha kutetea mifereji yote ya Uingereza, kilichoanzishwa na Robert Aickman na Tom Rolt. Mfereji mwingine, ule wa kusini unaofika Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare, ulitaka kufutwa mwaka 1958 kwa sababu ilidaiwa ya kwamba hapana chombo kilichopita humo kwa miaka mitatu. Dai hilo lilishindwa kwa ushahidi mdogo sana: tiketi waliyolipia watu wawili waliopita na mtumbwi wao katika miaka hiyo. Karatasi ile ndogo iliuokoa mfereji wa maili 13. Kazi ya kuutengeneza ilianza mwaka 1961 chini ya msanifu majengo aitwaye David Hutchings, akisaidiwa na watu wa hiari, wanajeshi, na hata wafungwa waliotolewa jela mchana kwenda kuchimba. Mwezi wa Julai 1964 mama yake Malkia aliufungua. Na tangu mwaka 1970 liko kundi la watu wa hiari ambao huenda popote penye mfereji ulioharibika. Vijana hupiga kambi muda wa juma zima, wakafanya kazi bila mshahara, nao hulipa fedha kidogo kwa ajili ya chakula chao wenyewe.

Tarehe 8 Agosti 1990, huko Devizes, mfereji wa Kennet and Avon ulifunguliwa tena. Aliyeufungua ni Malkia Elizabeth, yule yule aliyepata habari ya ufalme wake karibu na Kiganjo miaka 38 nyuma, na ambaye miaka 34 nyuma aliletewa lile ombi la watu wake.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri tu. Lakini faida yake kwa mtu wa Kiganjo imo katika yaliyofuata. Baada ya ngoma na hotuba, mfereji ulionekana kuwa bado ni mgonjwa. Maji ya kutosha hayakuwako mahali pa juu, na sehemu nyingine zilikuwa bado dhaifu. Ilibidi watafute fedha tena, na katika miaka ya 1990 walipewa paundi milioni 25 kutoka fedha za bahati nasibu ya taifa, na kazi ikaendelea mpaka mwaka 2003. Yaani baada ya kufunguliwa palihitajika miaka 13 zaidi ya jasho. Kufungua njia ni kazi ya siku moja, na mkubwa mmoja mwenye mkasi aweza kuifanya. Kuifanya ikae wazi ni kazi ya watu wengi, nayo haina siku ya mwisho.

Reli ya Kiganjo ilifufuliwa kwa amri, na kwa mikono iliyotumwa. Si jambo la kulaumu. Kama wangalingojewa watu wa hiari, huenda vichaka vingekuwa msitu. Lakini kilichofufuliwa kwa amri chaweza kulazwa tena kwa kukosa amri. Wanajeshi walirudi kambini, na vijana wa NYS wakapelekwa kwenye kazi nyingine. Wenyeji ndio waliobaki na reli. Mfereji wa Uingereza ulikuwa na watu elfu kadha wa kadha ambao wangekasirika kama ungekufa mara ya pili, kwa sababu matope yake yaliwahi kukauka kwenye nguo zao. Je, njia ya Nanyuki ina watu wangapi wa namna hiyo?

Haisemwi ya kwamba wananchi wachukue majembe na kwenda relini kesho. Reli ni mali yenye mwenyewe na sheria yake, na mtu asiyejua aweza kuleta hatari kubwa kwa kusogeza jiwe moja. Hata huko Uingereza watu wa hiari hawakugusa mlango wala tofali bila ruhusa ya mwenye mfereji na bila fundi wa kuwasimamia. Lakini yako mambo yasiyohitaji ruhusa ya mtu. Kutopanda mahindi juu ya tuta hakuhitaji ruhusa. Kutoelekeza maji ya shamba kwenye mtaro wa reli hakuhitaji ruhusa. Kumkataza jirani anayeuza chuma cha reli ni wajibu wa kila mtu mzima. Na la nne ni lile la tiketi ya mtumbwi: njia isiyo na abiria wala mizigo haina wakili. Mtu anunuaye tiketi Kiganjo hununua safari yake, na pia huacha ushahidi ya kwamba njia ina watu.

Wala watu wa Nyeri si wageni wa kazi ya namna hii. Tangu zamani Wakikuyu wana desturi ya ngwatio, ambayo majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, bila malipo ila chakula na shukrani. Baada ya uhuru, kwa wito wa Harambee, watu wa vijiji vingi walichimba mitaro ya mabomba ya maji toka mitoni, kila nyumba ikipimiwa sehemu yake ya kuchimba. Na tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002, viko vyama vya watumiaji maji ambavyo hupanda miti ya kienyeji kando ya mito ishukayo kutoka mlimani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na methali hiyo haikuletwa na Serikali wala na reli. Chama cha wenyeji kinachokwenda kwa msimamizi wa reli kuomba kipewe maili moja ya mtaro, pamoja na fundi wa kuwaonyesha kazi, kingekuwa kinaendeleza desturi tu, ingawa mahali pa kazi ni papya.

Jioni, mawingu yakiondoka, kilele cha Mlima Kenya huonekana tena kutoka stesheni, kikiwa na rangi ya shaba. Maji yanayotoka huko hupita chini ya reli mahali pengi kabla hayajafika Sagana na kuendelea Tana hata baharini. Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi. Mabomba yaliyo chini ya tuta, yakiwa wazi, maji hupita bila kumdhuru mtu. Yakiwa yamezibwa na majani ya mwaka uliopita, kazi yote ya mwaka 2020 yaweza kuchukuliwa kwa usiku mmoja. Yafaa mtu kuyatazama mwezi wa Februari, wakati udongo ungali mkavu na jembe halijalowa.